Kijani Kinachodanganya: Sayansi ya Kupiga na Kuhariri Picha za Uwanja wa Gofu

Umewahi kuona picha ya uwanja wa gofu kwenye kalenda, ukajiuliza mbona uwanja unaoupita kila siku ukiwa kwenye daladala haufanani na ule? Kwenye kalenda ardhi ina mawimbi, vilima vidogo, mabonde na vivuli virefu vya miti. Wewe ukatoa simu saa 7 mchana, ukapiga, na ulichopata ni zulia la kijani lililotandikwa chini ya anga jeupe. Basi.

Wengi hudhani tofauti ni bei ya kamera. Kamera nzuri inasaidia, hatukatai, lakini siyo siri yenyewe. Siri ya kwanza ni pembe ya jua. Ya pili ni kinachofanyika kwenye kompyuta au simu baada ya picha kupigwa. Leo tunazichambua zote mbili, na huna haja ya kuwa mchezaji wa gofu ili uelewe. Tutatumia maneno mawili matatu tu ya mchezo huu: feawei ni ile njia ndefu ya nyasi fupi inayoelekea kwenye shimo, grini ni uwanda wa nyasi fupi kabisa wenye shimo na bendera, na banka ni lile bonde la mchanga ambalo wachezaji hulikimbia.

Mwishoni tutafika mahali pazito kidogo. Kuna kuhariri kunakomsaidia mtazamaji aone kilichokuwepo, na kuna kuhariri kunakokifuta. Kwenye uwanja wa gofu suala hili si la urembo tu, kwa sababu rangi ya nyasi ni taarifa kuhusu maji.

Jua la chini ndilo linalochora ardhi

Anza na jaribio dogo nyumbani. Chukua shuka, litandike kitandani bila kulinyoosha, kisha zima taa. Washa tochi ya simu na uimulike kutoka juu kabisa. Mikunjo karibu yote inapotea, si ndiyo? Sasa ishushe tochi mpaka karibu na godoro, imulike kwa ubavu. Ghafla kila mkunjo una upande wenye mwanga na upande wenye kiza. Shuka ni lile lile, tochi ni ile ile. Kilichobadilika ni pembe.

Uwanja wa gofu ni shuka hilo, ila kubwa. Wanaobuni viwanja hivi huhangaika sana na miinuko midogo ambayo jicho haliioni kirahisi. Chukua mteremko wa nyuzi 3. Ni mdogo mno: ukitembea mita 10 unapanda kama nusu mita. Tuuwekee hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kiasi cha mwanga wa jua kinachoangukia sehemu fulani ya ardhi hutegemea pembe ambayo miale inagonga nayo ardhi hiyo, na kinakwenda kwa saini ya pembe hiyo (ile saini ya hesabu za sekondari). Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, upande wa kilima unaolielekea jua unagongwa kwa nyuzi 63, na upande wa pili kwa nyuzi 57. Ukigawanya saini ya 63 kwa saini ya 57 unapata 1.06. Yaani upande mmoja una mwanga zaidi kwa asilimia 6 tu. Jicho lako haliwezi kufanya kitu cha maana na asilimia 6 kwenye nyasi zenye madoa madoa.

Sasa subiri jua lishuke mpaka nyuzi 6. Upande mmoja unagongwa kwa nyuzi 9, mwingine kwa nyuzi 3. Gawanya tena: karibu 3. Upande mmoja unapata mwanga wa jua mara tatu ya mwenzake! Kilima ni kile kile cha nusu mita. Kusema kweli anga nalo linatoa mwanga wake unaoangukia pande zote mbili, kwa hiyo tofauti utakayoiona inapungua kidogo, lakini bado ni kubwa mno ukilinganisha na ile ya mchana.

Vivuli vinafuata hesabu ya aina hiyo hiyo. Kitu chenye kimo cha sentimita 50 kina kivuli cha sentimita 50 jua likiwa nyuzi 45. Jua likifika nyuzi 5, kivuli hicho kinafika karibu mita 5.7. Ukingo wa banka uliokuwa hauonekani sasa umechorwa kwa wino.

Jambo moja watu husahau: jua lisiwe mgongoni kwako. Likiwa nyuma yako, vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu vinavyovitengeneza, na ardhi inarudi kuwa zulia. Simama ili jua liwe ubavuni, kulia au kushoto.

Saa ya dhahabu kwetu ni fupi

Vitabu na video nyingi za upigaji picha hutoka Ulaya na Marekani, na husema subiri "saa ya dhahabu", ile saa ya jua la chini asubuhi au jioni. Ushauri ni mzuri, lakini kwa mtu wa Afrika Mashariki una mtego.

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Chukua Entebbe, ambako uwanja wa gofu uko jirani na Ziwa Victoria na ikweta ni pua na mdomo. Pale jua huchukua dakika 24 hadi 26 tu kutoka nyuzi 6 mpaka kuzama. St Andrews, mji wa Uskoti unaojulikana kama nyumbani kwa gofu, uko nyuzi 56 kaskazini. Mwezi Juni jua la pale hushuka kwa mshazari, na safari hiyo hiyo ya nyuzi 6 huchukua karibu saa nzima. Mpiga picha wa St Andrews anaweza kupiga shimo moja, akatembea, akanywa chai, akapiga lingine. Wewe ukichelewa kufungua begi, jua limekwenda.

Kwa hiyo fanya kazi yako mapema. Nenda mchana uchague mahali pa kusimama, angalia kwa dira jua litazama upande gani, kisha rudi saa 11 jioni ukiwa unajua unachotaka. Omba ruhusa ofisini kwanza, usisimame mbele ya anayepiga mpira, na usibonyeze kitufe mtu akiwa anajiandaa kupiga. Mpira wa gofu ukikupata, hutauliza tena habari ya nyuzi.

Kwa nini nyasi zina rangi ile

Jani la nyasi lina klorofili, ambayo hufyonza sana mwanga wa bluu na mwekundu na kuacha sehemu ya ule wa kijani irudi. Ndiyo maana tunaona kijani. Lakini juu ya jani kuna tabaka jembamba la nta, na nta hiyo hurudisha mwanga kama kioo kibovu: mweupe, bila rangi ya jani. Mwanga huu mweupe ukichanganyika na kijani, nyasi zinaonekana zimechujuka, hasa mchana.

Dawa yake ni kichujio kinachoitwa polaraiza. Mng'ao unaotoka kwenye nta mawimbi yake hutikisika zaidi upande mmoja, na kichujio hiki kikizungushwa vizuri kinaukata. Kijani kinachobaki ni cha jani lenyewe. Huna polaraiza? Miwani ya jua ya aina hiyo, ukiishika mbele ya kamera ya simu na kuizungusha taratibu, inafanya kazi ya kutosha kukuonyesha maana yake.

Na ile mistari ya kijani kilichofifia na kijani kizito kwenye viwanja vya gofu na vya mpira? Hakuna aliyepaka rangi, wala si aina mbili za nyasi. Mashine ya kukatia ina rola inayolaza majani. Yaliyolala kukupa mgongo yanarudisha mwanga mwingi kwako, yanaonekana meupe kidogo. Yaliyoelekeza ncha kwako yanaonyesha vivuli katikati yake, yanaonekana meusi. Nenda upande wa pili wa uwanja uangalie: mistari imebadilishana.

Kamera inahesabu, haioni

Ndani ya kamera kuna kihisi chenye mamilioni ya pikseli. Pikseli moja peke yake haijui rangi. Inahesabu mwanga tu. Ili kupata rangi, kila moja hufunikwa na kichujio kidogo: chekundu, kijani au bluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya pikseli hupewa kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kwa nini upendeleo? Kwa sababu jicho la binadamu mchana huhisi zaidi mwanga wa karibu nanomita 555, ambao ni kijani chenye unjano kwa mbali. Kwa maneno mengine, uwanja wa nyasi ni mahali ambapo macho yetu na kamera zetu zote zina uwezo mkubwa wa kutofautisha. Tukiharibu kijani, watu wanajua hata kama hawawezi kusema kwa nini.

Sasa fikiria kila pikseli kama ndoo chini ya bomba. Mwanga ni maji. Ndoo ikijaa, maji yanamwagika, na baadaye huwezi kujua yalimwagika lita ngapi. Mchanga mweupe wa banka na mawingu ndiyo hujaza ndoo haraka. Zikishajaa, hakuna programu duniani itakayorudisha umbo la mchanga ule, kwa sababu taarifa haikuhifadhiwa. Kwa hiyo angalia histogramu, ile grafu ndogo inayoonyesha pikseli ngapi ni za giza na ngapi ni za mwanga. Ukiona mlima umegandamana na ukuta wa kulia, punguza mwanga upige tena. Kivuli cheusi unaweza kukiinua baadaye. Mchanga uliofurika, umekwenda.

Na kama kifaa chako kinaruhusu, piga kwa RAW. Picha ya JPEG hutunza ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hutunza ngazi 16,384. Ukianza kuvuta mwanga na rangi huku na huku, JPEG inakatika vipande kama ngazi za nyumba, hasa kwenye anga la jioni. RAW ina nafasi ya kupumua.

Kuhariri: hatua kwa hatua

Hapa tumia programu yoyote uliyonayo. Lightroom, Snapseed, hata ile iliyokuja na simu. Majina ya vitufe hutofautiana, fizikia ni moja.

Kwanza, weupe. Kamera hukisia rangi ya mwanga uliokuwepo, na hukosea. Jioni jua limepita kwenye hewa nyingi, na hewa hutawanya bluu (nanomita 450) zaidi ya mara nne kuliko nyekundu (nanomita 650). Kinachotufikia ni dhahabu. Kamera inayojitia kujua huiondoa dhahabu hiyo ikidhani ni kasoro. Kumbuka: mpira mweupe wa gofu uliolala kwenye jua la jioni si mweupe, ni wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Rudisha joto hilo mpaka ufanane na ulichokiona, halafu simama hapo.

Pili, mwanga na kiza. Shusha kidogo sehemu zenye mwanga mkali ili chembe za mchanga zionekane. Inua vivuli, lakini taratibu. Kumbuka hesabu yetu: jua la nyuzi 6 lilikupa tofauti ya karibu mara tatu kati ya pande mbili za kilima. Ukiinua vivuli mpaka pande zote zilingane, umeifuta kazi ya jua na kuirudisha picha saa 6 mchana. Uliamka alfajiri ya nini?

Tatu, rangi. Hapa ndipo watu wengi huanguka. Chukua kile kitufe cha kusoma rangi, gusa nyasi kwenye picha yako ambayo hujaigusa, usome namba tatu za nyekundu, kijani na bluu. Wengi hushangaa: nyekundu haiko mbali sana na kijani, ila bluu ndiyo iko chini. Nyasi za kweli zina unjano ndani yake. Ukivuta ukolezi wa rangi mpaka mwisho, bluu inafika sifuri na kugota, na kila jani linalogota linafanana na jirani yake. Matokeo yake ni nyasi za plastiki, za kijani kisicho na majani. Ukitaka kijani kiwe na nguvu, ongeza ukolezi kidogo, kisha shusha mwangaza wa rangi hiyo. Acha unjano uishi.

Nne, kagua. Iache picha kwa saa moja, uirudie. Macho huzoea rangi kali kama ulimi unavyozoea chumvi, na mpishi aliyeonja mara ishirini si wa kuaminiwa.

Kijani kilichogharimu maji

Sasa lile jambo zito. Mashindano ya Masters, yanayochezwa Augusta National huko Georgia, Marekani, yalionyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na kwa rangi mwaka 1966. Watazamaji wakaona kijani cha ajabu, kisicho na doa. Kilikuwa uwanja uliotunzwa kwa gharama kubwa na kuandaliwa kwa wiki moja ya mashindano. Lakini wanachama wa vilabu vingine wakaanza kuwauliza watunzaji wao: mbona sisi hatuko hivi? Watu wa fani hiyo wakaipa hali hii jina, ugonjwa wa Augusta. Picha ikawa kipimo, na ili kukifikia kipimo, mabomba yakafunguliwa na mbolea ikamwagwa, hata sehemu zenye ukame.

Kisa cha pili kinakwenda upande mwingine. Pinehurst No. 2, uwanja wa North Carolina uliobuniwa na Donald Ross na kufunguliwa mwaka 1907, ulikuwa umegeuka kijani kila kona kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 2010 Bill Coore na Ben Crenshaw walianza kuurudisha kwenye hali yake ya zamani. Moja ya vyanzo vyao ilikuwa picha za angani za mwaka 1943, zilizoonyesha kingo za feawei na sehemu za mchanga zilivyokuwa. Waling'oa zaidi ya ekari 30 za nyasi zilizokuwa zikimwagiliwa, na vinyunyizio vikapungua kutoka karibu 1,150 hadi karibu 450. Kwenye feawei walibakiza mstari mmoja wa vinyunyizio, katikati.

Mwaka 2014 mashindano ya U.S. Open ya wanaume na ya wanawake yakachezwa pale kwa wiki mbili mfululizo. Kwenye picha feawei zilikuwa kijani katikati, njano pembeni, kahawia kwenye kingo, kisha mchanga na nyasi za asili. Wapo waliolalamika kwamba uwanja umekufa. Haukuwa umekufa. Nyasi za bermuda zikikosa maji hupumzika: jani hupoteza klorofili na kuwa kama majani makavu, lakini sehemu ya chini bado hai, ikisubiri mvua.

Tazama tena ule mpangilio: kijani, njano, kahawia. Ni ramani. Inakuonyesha maji yalifika wapi na yaliishia wapi, bila kuchimba bomba hata moja. Sasa fikiria mtu amekaa na programu yake, akachukua kidhibiti cha rangi ya njano na kukisogeza kuelekea kijani. Sekunde mbili. Picha "imependeza", na ramani ya maji imefutika. Anayeiona picha hiyo ataamini uwanja unaweza kuwa kijani kila mahali kwa vinyunyizio 450, na kesho atamdai mtunzaji wa uwanja wa kwao kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Fikiria pia zile picha za 1943. Aliyezipiga hakuwa na habari kwamba miaka zaidi ya 60 baadaye kuna watu watazitegemea kurudisha ardhi mahali pake. Zilifaa kwa sababu hakuna aliyezisahihisha.

Hatusemi usihariri. Kamera yenyewe inahariri kabla hujagusa kitu: inakisia weupe, inajaza rangi ambazo kila pikseli haikuzipima, inakandamiza ngazi 16,384 kuwa 256. Kuhariri hakukwepeki. Ila kabla ya kuhifadhi picha, jiulize maswali mawili. Je, mtu akiitazama bado ataweza kusema jua lilikuwa upande gani na ardhi imeinuka wapi? Na je, ataweza kusema nyasi zilipata maji wapi na zilikosa wapi?

Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, ongeza joto, kata mng'ao, nyoosha upeo wa macho, fanya vyote. Moja likiwa hapana, rudisha kile kidhibiti cha mwisho ulichokigusa. Na tunza faili la RAW bila kuligusa, pamoja na tarehe na mahali. Huwezi kujua nani atalihitaji.